Seva ya Hati za Idara: Jinsi Inavyoanzishwa na Inavyohamishwa

Utangulizi

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuwa la mafundi wa mitambo wala si la wanaisimu. Idara nyingi za lugha siku hizi haziweki tena rasimu zao katika makabati ya chuma, bali katika seva, yaani tarakilishi moja iliyowekwa mahali maalumu, ambayo tarakilishi nyingine zote pamoja na simu za mkononi huiendea kwa njia ya mtandao ili kusoma, kuandika na kusahihisha hati zilizohifadhiwa humo. (Ninatumia neno tarakilishi ingawa najua wapo wenzangu wanaopendelea kompyuta. Neno seva nimeliacha kama lilivyo, kwa kuwa tukisema mtumishi tutampotosha msomaji.) Seva ya namna hiyo haidumu milele. Diski huchakaa, programu hupitwa na wakati, masharti ya kampuni hubadilika, na hatimaye hati zote hazina budi kuhamishwa. Makala yanakusudia kueleza jinsi seva hiyo inavyoanzishwa na jinsi inavyohamishwa, na kuonyesha kwamba kuihamisha ni kazi ya unakili, ileile ambayo wasomi wa miswada ya Kiswahili wameijadili kwa miaka mingi.

Sababu ya kuandika ni kwamba idara moja niliyopata kufanya kazi ilipoteza maandishi ambayo hayatapatikana tena, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliohamisha.

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili, nilitumia seva ya chuo kama mtu atumiavyo maji ya bomba. Sikujua iko katika chumba gani wala ni nani anayeilinda. Niliporejea nilikuta kwamba seva ya idara yetu ilikuwa tarakilishi ya kawaida iliyokaa chini ya meza ya katibu, na kwamba kwa kuwa mimi ndiye kijana, mlinzi wake nilikuwa mimi. Ndani yake mlikuwa na rasimu za faharasa ya istilahi za fasihi simulizi ambayo watu sita walikuwa wakiiandika kwa pamoja. Tarakilishi ile ilipoanza kuzimika yenyewe, tulinunua nyingine. Siku ya Jumamosi tulinakili makabrasha yote kwenye diski ya nje, tukayaingiza katika seva mpya, tukahesabu faili za kwanza na za pili, idadi ikalingana, tukaenda nyumbani tumeridhika. Wiki iliyofuata diski ya zamani ilifutwa ili tarakilishi ile itengenezwe na kupewa mhudumu wa maktaba ndogo.

Jumatatu tulikuwa tayari tumegundua kwamba kila hati ina tarehe ya Jumamosi. Rasimu tatu za herufi K, zilizoitwa kwa majina yanayokaribiana, hazikuweza tena kujulikana ipi ilitangulia ipi. Hilo tulilisuluhisha kwa kuzisoma na kuzilinganisha, kazi ya majuma mawili. Lakini palikuwa na jambo la pili. Mzee wetu, mwalimu aliyetufundisha karibu sote, alikuwa amestaafu na alikuwa akisoma rasimu kwa simu yake. Kwa kuwa kuandika ndani ya hati kwa simu kulimpa taabu, alikuwa akiandika maoni katika safu ya pembeni ambayo seva humpa kila msomaji. Alikuwa amefariki miezi michache kabla ya sisi kuhama. Tulipofungua hati katika seva mpya, safu ile ya pembeni ilikuwa tupu.

Kosa halikuwa la programu. Ili msomaji aone lilikuwa la nani, inafaa kwanza tueleze seva ya hati ni kitu cha namna gani.

Viungo vya seva na uanzishaji wake

Nitatoa mfano wa Nextcloud, programu huru ambayo idara yoyote inaweza kuichukua bila malipo ya leseni. Asili yake ni ownCloud, iliyoanzishwa na Frank Karlitschek mwaka 2010. Mwaka 2016 yeye na baadhi ya wenzake walijitenga na kuanzisha Nextcloud. Mpangilio wake unafanana na wa programu nyingi za aina hii, hivyo mwenye kutumia nyingine hatapotea njia.

Seva ina sehemu tatu ambazo ni lazima tuzitofautishe. Ya kwanza ni kabrasha kuu la hati zenyewe: faili zilizomo kwenye diski, ambazo mtu yeyote mwenye ufunguo wa chumba anaweza kuziona na kuzinakili. Ya pili ni hifadhidata, yaani daftari ambalo ndani yake seva huandika kila inachokijua juu ya hati hizo: mwenyewe ni nani, nani ameruhusiwa kuisoma, nani ameruhusiwa kuibadilisha, nani amesema nini katika safu ya pembeni. Ya tatu ni faili fupi ya mipangilio, ambayo mwanzilishi huisahau siku ileile anapoiandika, ingawa humo mna maneno ya siri yaliyozalishwa mara moja tu wakati seva ilipoanzishwa, na bila hayo baadhi ya mambo yaliyofumbwa katika hifadhidata hayawezi kufumbuliwa.

Uhusiano wa sehemu ya kwanza na ya pili ndio kiini cha jambo. Katika daftari lake seva haiitambui hati kwa jina, bali kwa namba iliyoipa siku ilipoingia. Maoni ya Mzee hayakuambatishwa kwenye faili iitwayo herufi K. Yaliambatishwa kwenye namba fulani. Sisi tulibeba faili bila daftari, na seva mpya ilipozipokea ilizipa namba mpya, kama hospitali inavyompa namba mgonjwa asiyekuja na kadi yake. Laiti Mzee angeandika ndani ya hati, maneno yake yangesafiri pamoja nayo, maana maoni yaliyomo ndani ya hati ni sehemu ya faili. Tofauti hii ndogo haionekani kwenye kioo cha simu. Kwa msomaji yote mawili ni maandishi ya pembeni.

Uanzishaji wenyewe si mgumu. Huhitajika tarakilishi yenye mfumo wa Linux, programu ya kuhudumia kurasa, hifadhidata kama MariaDB au PostgreSQL, na cheti cha usalama ili mazungumzo baina ya seva na msomaji yasisikilizwe njiani. Vyeti hivyo hutolewa bure na Let's Encrypt. Jambo ambalo ningelisisitiza ni anwani. Seva ipewe jina lililo chini ya jina la chuo, isiitwe kwa tarakimu zake, kwa sababu viungo ambavyo walimu watatumiana kwa miaka mitano vitakuwa vimebeba anwani hiyo. Jina linaweza kuhamia mashine mpya pamoja na hati, lakini tarakimu mara nyingi hubaki nyuma. Ruhusa nazo zitolewe kwa vikundi, wala si kwa mtu mmoja mmoja. Mhadhiri anapoondoka huondolewa katika kikundi, na hakuna haja ya kuzunguka makabrasha mia kutafuta jina lake.

Diski mbili zinazoakisiana katika mashine moja zisihesabiwe kuwa akiba. Anayefuta hati katika diski moja ameifuta katika zote mbili. Akiba ni nakala iliyo katika jengo jingine.

Wapo watakaouliza kwa nini idara ijitwishe mzigo huu ilhali makampuni makubwa hutoa huduma hiyo tayari. Swali ni la haki, na kwa idara isiyo na mtu wa kuiangalia mashine, jibu huenda likawa kwamba isijitwishe. Lakini anayekaa katika nyumba ya kupanga naye huhama. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitangaza kwamba hifadhi isiyo na kikomo iliyokuwa ikizipa taasisi za elimu ingekoma, na kuanzia Julai 2022 taasisi nzima ikawekewa terabaiti 100 za kugawana. Vyuo vilivyokuwa vimelimbikiza rekodi za sauti na picha kwa miaka kadhaa vililazimika kuchagua cha kubakiza. Kwa upande mwingine, jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani lilitangaza mwaka 2024 kwamba lingehamisha tarakilishi zipatazo 30,000 za serikali yake kwenda LibreOffice, na kutumia Nextcloud katika kushirikiana hati. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka yeyote anayehifadhi habari za watu ajue ziko wapi na nani anazifikia. Idara yenye rekodi za masimulizi ya wazee, pamoja na majina na vijiji vyao, haiwezi kulipuuza hilo, seva iwe yake au ya mwingine.

Jinsi watu wawili wanavyoandika hati moja

Zamani, hati ikiwa mikononi mwa mmoja, wengine walingoja. Seva ya leo huwaruhusu wawili au zaidi kuandika kwa wakati mmoja, na wengi hulitumia jambo hili bila kujiuliza linawezekanaje. Tuchukue sentensi fupi: watu waja. Mwandishi wa kwanza anataka kuongeza neno wale mwanzoni. Mwandishi wa pili, katika sekunde hiyohiyo, anataka waja iwe wanakuja, hivyo anaiagiza seva iingize herufi n-a-k-u baada ya nafasi ya 7. Agizo la kwanza likitekelezwa, sentensi inakuwa wale watu waja. Agizo la pili likitekelezwa kama lilivyotolewa, herufi zile zitaingia baada ya nafasi ya 7 ya sentensi mpya, nasi tutapata wale wanakutu waja. Dawa yake ni kulibadilisha agizo la pili kwa kuzingatia la kwanza. Herufi nne na nafasi moja zimeongezeka mbele, kwa hiyo 7 inakuwa 12, na matokeo ni wale watu wanakuja. Njia hii ilielezwa na Ellis na Gibbs mwaka 1989. Programu nyingine hufuata njia tofauti: Collabora Online, iliyojengwa juu ya LibreOffice, huifungua hati mara moja tu ndani ya seva yenyewe, na kila mwandishi huonyeshwa taswira yake.

Anayeandika akiwa nje ya mtandao, safarini kwa mfano, hana msaada huo. Anaporudi na kukuta mwenzake naye ameibadilisha hati, seva haithubutu kuchagua. Huziweka zote mbili, moja ikiwa na jina linaloonyesha kwamba imekinzana na nyenzake. Wahariri wa tenzi watatambua hapa nakala mbili za utungo mmoja, na kwamba anayezifuta moja bila kuzisoma anafanya uhariri bila kujua.

Suala la herufi

Sasa tunafika kwenye sehemu inayotuhusu sisi kuliko wahasibu. Wanakili wa pwani walioandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu walikabiliwa na upungufu wa alama mahususi za sauti kama p, v na ch, na kila mmoja alikuwa na njia yake. Anayesoma nakala za Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945 baada ya kuwanakilia tenzi wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, hujifunza kwanza mazoea ya mkono wake. Seva nayo ina mazoea ya mkono.

Tuchukue neno Gĩkũyũ. Katika Unicode, irabu ĩ inaweza kuandikwa kwa namna mbili: kama alama moja iliyokamilika, au kama i ya kawaida ikifuatwa na alama ya wimbi inayokaa juu yake. Kwa macho hakuna tofauti yoyote. Kwa tarakilishi, namna ya kwanza inalifanya neno hilo liwe na alama 6, na ya pili alama 9. Baadhi ya mifumo, hasa tarakilishi za Apple za miaka ya nyuma, iliyavunja majina ya faili kwa namna ya pili, ilhali kibodi za Windows kwa kawaida hutoa namna ya kwanza. Faili mbili zenye jina moja kwa macho zinaweza basi kukaa bega kwa bega katika Linux, na mwalimu anayetafuta akapata moja tu. Wenye kufanya kazi za Kikamba watakutana na jambo hilohilo.

Kiswahili chenyewe hakikusalimika. Sauti ng' huandikwa kwa kistari cha juu, lakini kistari hicho kina sura angalau tatu katika Unicode: kilichosimama wima, kilichopinda, na kile kilichokusudiwa kuwa herufi. Programu ya kuandika hubadilisha cha kwanza kuwa cha pili bila kuulizwa. Ng'ombe wa rasimu moja na ng’ombe wa rasimu nyingine basi ni maneno mawili mbele ya mashine inayolinganisha herufi kwa herufi. Katika faharasa yetu, kidahizo cha ng'amua kilikuwa kimeingizwa mara mbili na watu wawili, kila mmoja akiamini hakipo.

Hati za miaka ya 1990 zina tatizo lililo baya zaidi. Kabla Unicode haijaenea, alama za kawaida za Windows katika nchi za Ulaya Magharibi hazikuwa na ĩ wala ũ, na waliohitaji herufi hizo walitengeneza au walinunua fonti ambazo ndani yake alama nyingine imechorwa upya ionekane kama ĩ. Hati hizo zikifunguliwa katika seva isiyo na fonti ile, kila ĩ hugeuka kuwa kitu kingine. Maandishi hayajaharibika, ila ufunguo wake umeachwa katika tarakilishi ya zamani. Kwa hiyo kabla ya mashine yoyote kufutwa, fonti zake zinakiliwe.

Hifadhidata nayo ina mipaka. Katika MySQL, mpangilio uliopewa jina la utf8 ulikuwa na uwezo wa alama zisizozidi baiti 3. Hati ya Adlam ya Kifulani, iliyoingizwa katika Unicode mwaka 2016, huhitaji baiti 4, na haikubaliki mpaka hifadhidata ipangwe kwa utf8mb4. Idara inayojiita ya lugha za Kiafrika ianze hivyo tangu siku ya kwanza.

Mengine niyataje kwa haraka. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili na Linux hutofautisha. Windows haikubali nukta mbili wala alama ya kuuliza ndani ya jina. Na kabrasha lililo ndani ya kabrasha lililo ndani ya kabrasha, kila moja likiwa na jina refu la kitaaluma, hufikia ule ukomo wa zamani wa Windows wa herufi 260 upesi kuliko mtu anavyodhani.

Kuhama kwenyewe

Anayehama kutoka seva moja ya Nextcloud kwenda nyingine na aanze kwa kuzilinganisha programu: seva mpya iwe na toleo lilelile la ile ya zamani. Kupandisha toleo ni kazi nyingine, ya siku nyingine, na hufanywa ngazi kwa ngazi, kwani aliye na toleo la 27 hufika la 29 kwa kupitia la 28. Kisha seva ya zamani iwekwe katika hali ya matengenezo ili asiwepo anayeandika wakati unakili unaendelea. Walimu waambiwe mapema, na waambiwe tena, kwa kuwa yupo ambaye huandika usiku wa Jumamosi.

Hapo ndipo sehemu zote tatu hunakiliwa pamoja: hifadhidata hutolewa nzima, faili ya mipangilio hubebwa na maneno yake ya siri, na kabrasha la hati hunakiliwa kwa programu inayohifadhi tarehe, kama vile rsync ikiagizwa hivyo. Matoleo ya awali ya kila hati, ambayo seva huyaweka kando, nayo yamo katika kabrasha kuu na yasiachwe. Ikumbukwe kwamba seva huanza kuyafuta yale ya zamani nafasi inapopungua, kwa hiyo rasimu inayotakiwa idumu ihifadhiwe kwa jina lake. Jina la seva huelekezwa kwenye mashine mpya mwishoni kabisa.

Kuhesabu faili, kama tulivyofanya sisi, si uhakiki. Idadi hulingana hata pale ambapo faili moja imekatika katikati. Ipo programu inayosoma kila baiti ya faili na kutoa mfuatano mfupi wa tarakimu na herufi, na herufi moja ikibadilika, mfuatano wote hubadilika. Orodha ya mifuatano hiyo ichukuliwe kabla na baada, kisha zilinganishwe. Baada ya mashine kumaliza, wanadamu waanze: watu watatu au wanne wafungue hati wanazozijua, waangalie tarehe, waangalie safu ya pembeni, watafute neno lenye ng' na neno lenye ũ, na aliye nje ya kikundi ajaribu kufungua asichoruhusiwa.

Seva ya zamani isifutwe. Iwekwe ikiwa ya kusomwa tu kwa muda usiopungua muhula mmoja, hata kama mkuu wa idara anaihitaji mashine hiyo kwa kazi nyingine. Ninajua ugumu wa kumkatalia mkuu wa idara.

Faharasa yetu ilikamilika. Tulipokuwa tukiisoma kwa mara ya mwisho, tuliwauliza wote sita wakumbuke ni vidahizo gani Mzee alikuwa amevitilia maoni. Tulipata kadhaa, vingi vikiwa chini ya herufi K, na tukaviwekea nyota katika nakala ya idara. Viwili tuliweza kuvirekebisha, kwa kuwa mmoja wetu alikuwa amezungumza naye kwa simu juu yavyo. Vilivyobaki vina nyota tu.